Mteja wa Bi Kesho

Jina la Bi Kesho alipewa na wateja wake. Alikuwa fundi cherehani hodari, ila uongo wake ulikuwa hodari zaidi. Ukimfuata Jumatatu, atakwambia kwa macho makavu, "Vimebaki vifungo tu, njoo kesho." Ukirudi, vifungo vipo, gauni ndilo bado kitambaa.

Mimba yake ilipofika wiki thelathini, alikuwa akipinda suruali pale tumbo lilipokaza, likaachia, likakaza tena. Mumewe alimkimbiza hospitali, futi kamba ikiwa bado shingoni.

"Uchungu umewahi mno," daktari alisema. "Tumekuchoma sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, na dawa ya kuzuia uchungu. Tunahitaji siku mbili. Zaidi ya hapo, kila siku akikaa ndani ni faida."

Bi Kesho aliogopa. Alitaka kuomba dua, lakini tumbo lilipokaza, mdomo ukatoa kile ulichokizoea.

"Mteja wangu, limebaki pindo tu. Njoo kesho."

Muuguzi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Tumbo likatulia. Dawa ndiyo iliyofanya kazi, ila Bi Kesho hakuwa mtu wa kugawana sifa na dawa.

Basi kila asubuhi akawa na kisingizio kipya. Umeme umekatika. Sindano imevunjika. Siku ya tisa akaliambia tumbo, "Mwenzio nimefiwa."

"Umefiwa na nani?" mumewe akashtuka.

"Nyamaza, atasikia!"

Wanawake wa vitanda vya jirani, wenye uchungu kama wake, wakaazima maneno hayo, na wodi nzima ikawa inadanganya matumbo. Mumewe akishaondoka, Bi Kesho alijifunika shuka akalia, mkono tumboni, akisubiri teke.

Siku ya ishirini na tatu, mteja akachoka.

"Njoo ke—" Bi Kesho alianza.

"Dada, huyu kashafika mlangoni," muuguzi akasema. "Sukuma!"

Alikuwa wa kike, mdogo kuliko mkate, lakini alilia mwenyewe, tena kwa ukali wa mtu aliyezungushwa wiki tatu.

"Kofia yake iko wapi?" muuguzi akauliza.

Bi Kesho akaitoa chini ya mto. Siku zote hizo alikuwa akiishona, na upande mmoja bado ulikuwa wazi.

"Imebaki..." akasema, akashindwa kumaliza. Machozi yakamtoka. "Nisamehe, mama. Ahsante kwa kunisubiri."

Kisha akaomba uzi, akaimaliza siku hiyo hiyo.