Nyumba Namba Sifuri

Programu yangu ya kwanza kutumiwa na watu wenye kiu iligawa zamu za maji mtaani Kampemba. Foraji, yaani kisima cha mashine, ilichimbwa kwenye kiwanja cha mama wa mchumba wangu. Ufunguo wa bomba alikaa nao yeye, binti wa mfanyakazi wa reli, mtu wa misa ya asubuhi na wa sheria. Kamati ilikuwa imeamua kwamba simu yako ikipata mesaji, unakuja na bidoni zako, yale madumu ya plastiki. Bila mesaji, huchoti.

Nilikuwa mjinga mwenye majivuno. Kompyuta huhesabu kuanzia sifuri, hivyo nyumba yenye foraji ikawa namba sifuri. Mtu mwenye akili angeanza hapo na kupanda mpaka nyumba ziishe. Mimi nilisoma mahali kwamba kuhesabu kurudi nyuma kunaenda kasi zaidi. Basi nikaanza na nyumba ya mwisho nikishuka, na sharti langu likasema: endelea maadamu namba inazidi sifuri. Nyumba zenyewe zilikuwa arobaini. Muda niliookoa usingetosha hata kupiga chafya.

Na sifuri haizidi sifuri. Wote walipata mesaji isipokuwa yeye, mama mwenye foraji.

Wiki mbili aliwafungulia majirani bomba mlangoni pake, kisha akabeba ndoo yake kwenda kuchota mtaa wa pili. Mchumba wangu alimsihi achote tu, akakataa. Na kuhusu ndoa yetu, aliyokuwa karibu kuikubali, akanyamaza kabisa. Aliamini ninamwadhibu kwa sababu amechelewesha jibu la posa.

Mchumba wangu aliponiambia, niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikaenda na laptop, nikamweleza ule mstari, nikapotea mwenyewe katikati ya maelezo. Akauliza kwa nini sikuandika kama mtu anayepita barabarani, nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Nikataja kasi.

"Ulikuwa unakimbilia wapi, baba?"

Nikafuta, nikaandika upya: anza na sifuri, endelea maadamu namba ni ndogo kuliko idadi ya nyumba. Simu yake ikalia kabla ya zote. Akasoma mesaji mara mbili, akajaza bidoni, akanipa niibebe hadi jikoni.

"Ambia bazee ba kwenu baje siku ya mungu," alisema, akimaanisha Jumapili. "Bote. Usisahau wa kwanza."