Maji ya Fatu

Kosa langu la kwanza katika kazi hii, mdogo wangu, ni kutumia maji yasiyo yangu. Sina mvi za kukuita mwanangu, lakini unajifunza kufinyanga peke yako kama nilivyojifunza mimi, kwa hiyo nisikilize.

Nilialikwa na wasanii wenzangu kukaa mwezi mzima kwenye kambi ya porini, nje ya Newala, kila mmoja atoke na kazi moja. Mimi ni wa Masasi mjini. Kule juu maji hufuatwa bondeni, na wakati wa kiangazi safari hiyo humaliza asubuhi nzima. Niliambiwa. Lakini nilikuwa nafinyanga sanamu ya mwanamke, na kila uso niliofinyanga niliuona una kasoro; nikauvunja, nikaulowesha, nikaanza upya. Niliogopa kuchekwa.

Mchana mmoja Mama Fatu, mpishi wetu, akainua ndoo ya mwisho. Nyepesi. Bintiye, Fatu, alikuwa amejifungua juzi, na kichanga kilikuwa kinalia ndani ya kibanda chao hapo kambini.

"Shikamoo, mama," nikasema, ingawa tulishaamkiana.

"Shikamoo ya nini tena? Fatu hajanywa hata uji. Maji yako wapi?"

Nikaonyesha beseni langu la tope.

"Haya. Huyo mwanamke wako wa udongo ndiye atamnyonyesha mjukuu wangu?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikabeba madumu mawili, nikashuka. Wakati wa kupanda niliogopa kuteleza kuliko nilivyowahi kuogopa kuchekwa. Nilijua mtoto bado analia. Mbele yangu alitangulia mama mmoja mwenye ndoo kichwani. Shingo imekaza, bega moja limeshuka. Nilikazia macho mgongo ule mpaka juu. Uso wake sikuuona, wala sikuuhitaji.

Fatu alikunywa kikombe kizima bila kupumzika. Ndipo nikaweza kukaa chini.

Jioni nikaufinyanga ule mgongo kwa tope lililobaki, bila kuongeza tone. Bega moja likatoka nene. Mama Fatu akapita, akasimama.

"Huyu kachoka kweli," akasema, akaenda kupika.

Mdogo wangu, kabla hujavunja kazi yako ili uianze upya, uliza ni nani anayeumia kwa huko kurudia. Hofu yetu ya kukosea hula vya watu wengine. Mungu akujalie mikono mizuri, na mtu wa kukukemea mapema.

Hofu bado ninayo. Ila siku hizi maji ya kazi yangu nayachota mwenyewe, na kazi yenye kasoro naiacha ikauke.