Mstari wa Msumari

Juzi sokoni Mwanga nilimwona fundi wa kutengeneza cherehani akichora mstari wa chaki kwenye chuma kabla hajafungua skrubu yoyote, na ghafla pua yangu ikajaa harufu ya mayai yaliyooza.

Ndivyo lilivyonuka gobore letu siku mama alipoliosha masizi ya baruti kwa maji ya moto. Nguruwe pori walikuwa wanatumalizia mihogo shambani, na mjomba, mdogo wake mama, alikuwa amekaa mkekani akimcheka. "Dada, ukishalifungua hilo, shabaha imekwenda."

Mama alikwaruza mstari kwa msumari, kutoka kwenye mtutu hadi kwenye mti wa kitako, ndipo akavitenganisha. Mimi niliamini ni dawa, ya kulizuia gobore lisisahau njia. Aliosha, akakausha, akapaka taratibu mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, kisha akarudisha mtutu, akiusogeza kidogo kidogo mpaka mstari ukakutana. Sasa najua hakutaka zaidi ya hapo: kila kitu kikae kilipokuwa.

Alishindilia baruti na risasi, akalenga kopo lililokuwa juu ya kichuguu. Mlio ulipotulia masikioni, kopo halikuwepo.

"Haya, kaniletee kopo langu," mama alimwambia mjomba.

Mjomba alirudi nalo akichungulia jua kupitia tundu la katikati. Mimi nilikuwa nimeshafika kwa jirani, nikitangaza kwamba mama yangu ana dawa. Mpaka leo sijaikanusha habari hiyo.