Nyeupe ya Chini

Ndunda alizaliwa Wamunyu, kwa wachonga vinyago, katika boma ambalo kila mwanamume alijua kumtoa twiga ndani ya gogo. Yeye peke yake mkono ulimkataa. Twiga wake walitoka na shingo za ng'ombe. Alichoweza ni kupiga msasa. Ubao ukipita mikononi mwake ulikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga. Ndiyo maana, utu uzima ulipomkuta bila kazi ya maana, Kamanthe alimchukua. Kamanthe alikuwa mchoraji wa rangi za mafuta, mwanamke mdogo kwake kwa umri, mwenye karakana Machakos mjini.

Kazi ya Ndunda ilikuwa kumwandalia pa kuchora. Aliunda fremu, akawamba kitambaa cha kanvasi hadi kikalia kama ngoma, akakipaka gundi nyepesi ili mafuta ya rangi yasije yakakila. Gundi ikikauka, alipaka praima, ile rangi nyeupe ya kwanza: tabaka moja kwa brashi ya kulala, jingine kwa brashi ya kusimama, na msasa katikati. Mbao za plaiwudi alizipaka mbele na nyuma zisije zikapinda. Kisha Kamanthe alikuja na rangi zake, akaifunika kazi yote ile.

Wakati fulani Ndunda alijipiga picha kwa simu kando ya mchoro uliokamilika, akaituma nyumbani. Mama yake, Kaluki, alikwenda nayo kanisani. "Mwanangu ni mchoraji," akawaambia kina mama. Walipompigia Ndunda kumpongeza, hakukubali wala hakukana. Alicheka tu, na kicheko hicho kikaulea uongo hadi ukaota meno. Mama yake alipouliza kazi ya karakana hufanywaje, akajibu kwamba kuna msichana anayesaidia, anayepaka ile nyeupe ya chini.

Kamanthe alipofanya maonyesho katika ukumbi mmoja pale mjini, Ndunda hakumwalika mama yake. Lakini redio ilitangaza maonyesho ya karakana ile bila kumtaja mchoraji, na Kaluki akaja na rafiki yake wa kwaya, Kalunde, wote wawili katika sare za kanisa. Ndunda alipowaona mlangoni, walikuwa wamekwisha kumwona.

Kaluki alisimama mbele ya picha kubwa ya wanawake wakichota mchanga mtoni. Akatokwa na machozi. "Hii ni mikono ya mwanangu," alimwambia kila aliyepita, na wageni, wasiojua lolote, wakampa hongera. Ndunda alikuwa kando yake, kichwa chini.

Ndipo Kamanthe akaja kuwasalimia.

"Wewe ndiye ule msichana anamsaidia mwanangu?" Kaluki akamuuliza. "Yule anapaka ile nyeupe ya chini?"

Kamanthe alimtazama Ndunda. Ndunda akautazama ukuta.

"Ndiyo, mama," Kamanthe akajibu taratibu. "Ni mimi."

"Sasa usichoke. Mfuate vizuri, hata wewe siku moja utachora." Kaluki akamkabidhi mfuko wa ndengu aliokuja nao kutoka shambani. Kamanthe akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Afadhali Kamanthe angemzaba kofi. Kusutwa Ndunda angevumilia. Kusitiriwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimwibia jina kulimchoma hadi kwenye mifupa. Mara kipaza sauti kikaita: mchoraji aje mbele azungumze na wageni. Kaluki akamsukuma mwanawe. "Nenda! Wanakuita!" Kamanthe hakusogea. Alikuwa bado amekumbatia ndengu.

"Mwaitu," Ndunda akamwambia mama yake, "mchoraji ni huyu."

"Nani?"

"Huyu. Zote ni zake. Mimi ndiye ninayepaka nyeupe ya chini."

Kalunde aligeuka, akajifanya anatazama picha nyingine. Kaluki, mzee mzima, akapiga goti dogo mbele ya Kamanthe, akasema, "Nisamehe, mwanangu, sikujua," na Ndunda akatamani ardhi immeze.

Jumatatu alirudi karakanani akitarajia kufukuzwa. Kamanthe alimwambia tu kwamba anahitaji kanvasi mbili za ukubwa wa mlango. Hakulitaja lile jambo, siku hiyo wala baadaye. Ndunda alifanya kazi akiwa amempa mgongo, na kwa muda mrefu hakuweza kumtazama usoni.

Mama yake hakupiga simu wiki nyingi. Halafu asubuhi moja alitokea karakanani bila taarifa, akaketi juu ya ndoo tupu, akamtazama akipaka.

"Hiyo ikikauka?"

"Napiga msasa, napaka tena."

"Na hakuna mtu ataiona."

"Hakuna, mama."

Mama akapapasa kwa kidole ubao uliokauka, kutoka juu hadi chini.

"Ungeniambia hivyo tu," alisema mwishowe, "ningewaambia hivyo kanisani."

Ndunda akachovya brashi, akaendelea kupaka, machozi yakimzuia kuona vizuri mbele yake.