Matundu Niliyoyaziba Mwenyewe

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kulala fofofo na kuamka na njaa. Niliishi Likombe na mama yangu na mke wangu Somoe. Kazi yangu ni udereva. Nilijifunza kwa lori la mbao, wakati Wazungu wa mradi wa karanga walipokuwa wakijenga bandari yetu. Walipofunga virago, mmoja wao aliacha gari dogo la mashindano, la watu wawili, la kijani, lenye paa la turubai. Bwana Huseni, Mhindi mwenye duka Mikindani, akalichukua. Lori lake lilikuwa limekufa, naye alisema gari ni gari.

Lile gari liliundwa kwa ajili ya lami. Sisi tukalipeleka Mahurunga. Kila siku isipokuwa Ijumaa nilitoka Mikindani na barua, majani ya chai, nyuzi na dawa za macho, nikapita Chikongola, nikateremka hadi duka la mdogo wake Bwana Huseni karibu na mto Ruvuma. Tumbo la gari lilikaribia mno ardhi, halikusalimika na kisiki hata kimoja. Watoto wa njiani wakaliita Kenge. Lakini likikuta mchanga ulioshikana, ndugu zangu, lilikuwa linakwenda. Ngurumo yake niliisikia kifuani, na nilijiona mtu kati ya watu.

Mwaka huo Somoe alikwenda kujifungulia kwa mama yake huko huko Mahurunga, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza. Mvua za kifuku zilipoanza akapata mtoto wa kike, Hadija. Tukakubaliana kwamba arobaini ikitimia nitawarudisha nyumbani kwa Kenge. Mke wa dereva asije akarudi juu ya magunia ya muhogo kwenye lori la watu. Kila siku nilipita kuwasalimu, na kila siku nilihesabu siku zilizobaki.

Mvua za mwaka ule zilinitesa. Sakafu ya gari ilikuwa imetoboka kwa kutu na visiki, na magurudumu yalinirushia tope mpaka mapajani. Barua zikalowa, Bwana Huseni akafoka. Basi nikachukua sufi ya mto wa kulalia na vipande vya kanga kuukuu za mama, nikaziba kila tundu. Turubai lilipochanika nikalitia viraka, nikalikaza pande zote. Maji yakabaki nje. Nilijisifu sana, nikamwita hata jirani aje aone.

Hazikupita siku nne nikaanza kuugua. Nitasema kweli, maana ushuhuda wa kujipamba haumsaidii mtu. Ugonjwa wangu ulikuwa mtamu. Mvua ilipiga turubai juu ya kichwa changu, na mwili ukawa mwepesi, mikono ikashika usukani kama si yangu. Barabara ilipanuka. Mikorosho ilisogea pembeni taratibu kunipisha, kama watu wanavyompisha mzee msikitini. Nilimsikia bibi yangu, aliyekufa nikiwa mdogo, akitwanga mtama mahali fulani mbele yangu na kuniita kwa jina la utotoni. Nilikwenda nikimfuata. Nilitamani Mahurunga isifike.

Nikifika, utamu wote uligeuka. Kichwa kilinigonga kwenye mishipa ya pembeni, miguu ililegea, nikajishika ukuta wa duka nikitapika nyongo. Mama alinitazama jioni moja akaniuliza tangu lini natafuna tambuu, kwa jinsi midomo ilivyokuwa myekundu. Sikuwa nimetafuna kitu. Hata chakula kilinishinda, na suruali nikaifunga kwa kamba.

Nilikwenda kwa dresa, yule mpa dawa wa zahanati. Alinipima, akasema homa sina, lakini akanipa kwinini kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Masikio yakalia siku tatu. Jirani yangu, yule yule niliyemwonyesha viraka, akasema si bure, hili ni jini la njia ya Ruvuma na limenipenda. Nilimwambia kwamba Ijumaa huwa mzima kabisa, nakula na kucheka. Akajibu kuwa jini hilo ni Mwislamu, linaiheshimu siku. Maneno hayo yaliniingia. Naona haya kusema, lakini nilifurahi kidogo kwamba nimependwa.

Mama mkwe alikuwa akinipa kuku wa kumpelekea mama yangu. Mara nyingi nilimkuta shambani na wenzake wakitoa panya waliokuwa wakila muhogo, moshi umetanda, naye hutoka humo akikohoa na kwenda kunikamatia kuku. Kuku wa kwanza nilimweka kwenye tenga, chini, karibu na miguu yangu. Alipiga kelele hadi tulipovuka kijiji, kisha akatulia. Likombe nilipofungua tenga, kuku amekufa, shingo imelala. Nikamzika nyuma ya choo, nikasema mkwe hakuwa na kuku wiki ile. Wa pili naye akafa vivyo hivyo. Nikasema jini limeanza kula. Nikanyamaza, kwa kuwa dereva anayesemwa ana jini hapewi gari.

Siku moja bibi aliniita, nikamfuata nje ya barabara. Nilizinduka nimelala chali kwenye majaruba ya mpunga, mvua inanipiga usoni. Wakulima walikuwa wamenitoa kwa kunivuta miguu. Ubavu uliniuma, mdomo umejaa tope, lakini kichwa kikaanza kutulia pale pale mvuani. Niliwaambia nimeteleza. Tukamsukuma Kenge akarudi barabarani. Mama mkwe alisikia habari, akaniambia tu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mkwe habishiwi, nikainamisha kichwa.

Arobaini ikatimia. Asubuhi hiyo nilimwosha Kenge kwa maji ya mtoni, nikakaza turubai na kuongeza sufi kwenye matundu, mwanangu asiguswe na tone. Mvua ilikuwa kubwa. Somoe akaingia na mtoto mapajani, nami nikawasha injini ipate moto. Mama mkwe hakuisha kurudi ndani. Mara kasahau unga, mara kasahau kanga ya mtoto, mara anarudi kuomba dua. Tukakaa tukimngoja, milango imefungwa, injini inanguruma. Hadija alikuwa akilia kwa nguvu. Kisha kilio kikapungua. Kisha akanyamaza.

Nami utamu ulikuwa umeshaanza kunijia. Nilisikia mchi wa bibi. Nikamwambia Somoe, "Umeona? Kenge anambembeleza."

Somoe aliinama. Alimtazama mtoto. Akatazama chini kwenye miguu yake, palipojaa vitambaa na sufi, akatazama turubai nililolikaza. Alikuwa ameshika kichwa chake kwa mkono mmoja.

"Baba Hadija," alisema, "zima gari."

Nilimsikia kwa mbali. Nilimwuliza kwa nini. Alinyoosha mguu akaupiga mlango teke, akatoka na mtoto mvuani, nami hapo ndipo nilipopata akili ya kuzima. Nilitoka nikiyumba. Hadija alikuwa amelegea mikononi mwa mama yake, kichwa kikicheza, midomo myekundu. Mama mkwe aliangusha unga. Alimchukua mtoto, akamvulia nguo chini ya ukingo wa paa, akampepea kwa upande wa kanga, akimsugua nyayo. Nilipiga magoti kwenye tope. Nilisema, Ee Mola, nichukue mimi. Nilisema tena na tena, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Mtoto akakohoa. Akatapika maziwa. Kisha akalia.

Somoe alikuja akasimama mbele yangu, mtandio umemganda kichwani.

"Wale kuku wa mama walifika?" aliuliza.

Nikasema hapana.

"Mume wangu, shambani tunawatoaje panya? Tunaziba matundu yote kwa nyasi na udongo, tunaacha moja, tunapulizia moshi. Wengine hawatoki. Ukifukua unawakuta wamelala kama wana usingizi mzuri. Wewe hapa umeziba wapi, na moshi unaingilia wapi?"

Nililala chini kwenye maji nikachungulia tumbo la Kenge. Bomba la moshi lilikuwa limevunjika kwa visiki, mdomo wake uko chini kabisa ya viti. Kikulacho ki nguoni mwako. Jini langu lilikuwa la chuma, na nyumba yake niliijenga mwenyewe kwa kanga za mama.

Hatukuondoka siku ile. Kesho yake mvua ilipopumzika niling'oa turubai lote na kutoa vitambaa vyote, tukaenda wazi, tope likiruka miguuni. Somoe alikuwa chini ya mwavuli wa mama mkwe, na mtoto ndani ya kanga mbili. Hadija hakupenda upepo. Alilia kutoka Mahurunga hadi Likombe bila kupumzika. Sijapata kusikia sauti iliyonipendeza kama ile.

Fundi akaunga bomba. Mimi nilikaa wiki kadhaa kichwa kinauma, nikisahau majina, nikisahau rakaa niliyofika. Bwana Huseni, nilipomweleza, alisema barua zilowe tu. Namshukuru kwa neno hilo. Dresa namshukuru pia, maana alitoa alichokuwa nacho. Mke wangu nimemshukuru mpaka amechoka, husema nimletee kanga ninyamaze. Zaidi ya wote namshukuru Mungu, aliyemchelewesha mama mkwe mlangoni, la sivyo yangetukuta njiani peke yetu.

Hadija sasa yuko darasa la kwanza. Mvua ikipiga paa, mara nyingine bado namkumbuka bibi na mchi wake, na moyo unakwenda huko kidogo. Sifichi. Kilichotaka kuniua hakikunitisha hata siku moja.

Ninyi mnaoshika usukani, chungulieni chini ya magari yenu kabla ya kuziba juu. Mkiumwa siku za kazi na kupona siku ya mapumziko, msiseme jini. Semeni nyumbani, hata kama ni aibu, hata kama ni kuku wawili tu. Na mtoto akilia garini msimkaripie. Mimi wangu aliponyamaza nilifurahi.