Nilivyouharibu Wimbo wa Papa Asukulu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo masikio yanapata moto. Na usicheke nikikuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na saba, najua ndevu zangu zinahesabika kwa mkono mmoja na vidole vinabaki. Lakini jana nilikusikia bombani ukigeuza maneno ya wimbo wa kwaya, na mimi kwenye kazi hiyo ni mzee wako. Kaa chini.

Nilikuwa S.2, kidato cha pili, shule ya bweni Mbarara. Kanisani kwetu shuleni kuna kitabu cha nyimbo, na juu ya kila wimbo pameandikwa jina la aliyetunga sauti yake, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Majina magumu kama mfupa. Mahubiri yakirefuka, tulikuwa tunayanong'ona na kuyapa sura: huyu alikuwa na tumbo, huyu alinyimwa chakula na mkewe. Basi ikaniingia kichwani kwamba mtunzi wa nyimbo za kanisa ni mzungu, na ameshakufa.

Likizo nikarudi Nakivale, hapa kambini kwetu wakimbizi, na mdomo wangu. Kuna wimbo ambao kila kwaya ya mtaa wetu wa Rubondo inauimba, unaopanda polepole halafu unashuka kama mtu anayetua mzigo. Nikauvua maneno yake, nikauvika yangu: "Jerikani yangu iko wapi, nani ameisogeza?" Watoto kwenye foleni ya maji waliupokea kama mandazi ya bure. Wiki haikuisha, kila bomba linaimba jerikani. Nilitembea kifua mbele.

Kisha akafariki Mama Riziki, mke wa Papa Asukulu, yule fundi wa baiskeli anayefundisha pia kwaya. Makaburini kwaya ikaanza ule wimbo. Watoto waliokuwa nyuma wakausikia, wakafurahi, wakaitikia kwa nguvu zote: jerikani yangu iko wapi! Hawakuwa na ubaya. Wao waliujua hivyo. Mtu mzima mmoja akacheka kwa pua, mwingine akamfuata, kwaya ikapoteana. Papa Asukulu akainua mkono, wakanyamaza. Jeneza likashushwa bila wimbo. Mwanangu, nimeshachapwa, nimeshafukuzwa darasani. Kile kimya kilikuwa kitu kingine.

Kesho yake mama yangu alinionyesha njia kwa kidole. "Enda weye mwenyewe. Ile wimbo ni yeye aliitunga. Miye sina maneno ya kumwambia ule mzee."

Nikamkuta ameshika tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Ni weye njo mwenye ile ya jerikani?"

"Njo miye, Papa. Unisamehe. Sikujua kama ile wimbo iko ya mutu."

"Ulizani iko ya nani?"

"Ya bazungu ba mu kitabu. Bale balishakufa."

"Na kama mwenyewe alishakufa, njo unaweza kuichezea?"

Mimi, ambaye walimu wawili wameshasema nitakuja kuwa wakili kwa kujibishana, nikaanza kuhesabu spoku za baiskeli iliyokuwa karibu.

Akanieleza, macho yakiwa kwenye tairi. Kule kwao Kongo, milimani juu ya Uvira, mtoto wao wa kwanza aliishi siku tatu. Mama Riziki akaacha kusema. Wiki baada ya wiki, hata maji hakuomba. Mumewe hakuwa na maneno ya kumpa, kwa hiyo alikaa mlangoni akimtengenezea sauti tupu, leo noti mbili, kesho tatu, mpaka siku moja akasikia mtu ndani anamfuata kwa sauti ya pili. Maneno yalikuja baadaye, aliyaweka mchungaji. Wimbo ukavuka mpaka pamoja nao, ukaenea, na jina lake likabaki njiani. Hakuna kitabu kilicholiandika.

"Musamaha nimekupa," akasema. "Lakini musamaha haitaondosha ile maneno mu vinywa vya batoto. Siku ya kumaliza kilio nataka bamuimbie mama. Weye njo uliyaweka, weye utayaondosha."

Nilidhani ni kazi ya siku moja. Nikawakataza watoto, wakaimba zaidi. Nikawabembeleza, wakaongeza ubeti! Nikarudi: "Papa, imenishinda." Hakuinua kichwa. "Ondosha maneno yote. Ata ya kanisa. Anzia ku do."

Ndivyo anavyofundisha kwaya zake: noti kwanza, maneno baadaye sana. Basi kila asubuhi nikasimama bombani, do, mi, so, na jerikani ya mtu haijazwi mpaka mstari wa wimbo umenyooka. Akina mama walinitukana, na walikuwa na haki. Shule ikafunguliwa Mbarara, mimi nikabaki. Nilijua kinachonisubiri, na kweli nilipofika nilifyeka nyasi za uwanja wiki nzima. Sauti ilinikauka nikafundisha kwa kupiga makofi. Nilikuwa naurudia tu wimbo wa mtu, na bado ulinimaliza. Aliyeutoa pasipo kitu, je?

Siku ikafika. Watoto wakajipanga mbele ya nyumba ya mzee. Wakaimba noti tupu, mwanzo mpaka mwisho, hakuna aliyeteleza. Waliporudia, Papa Asukulu akasimama na kuingia na sauti ya pili, ile aliyokuwa akiimba mkewe. Ilikuwa imepasuka kidogo. Hakuna aliyecheka.

Sasa sikia, mwanangu. Sikukatazi utani, mimi mwenyewe sijaacha, na ubeti wako wa pili jana ulinichekesha. Lakini kabla hujageuza wimbo, tafuta nani aliutunga na alikuwa anapita wapi. Kama yuko hai, mpelekee salamu. Kama amekufa, bado ni wake. Na ukiharibu, usiishie kwenye kuomba radhi. Baki hapo urekebishe, hata kama gari linakuacha, hata kama unafundisha mtoto mmoja mmoja.

Mungu akupe mdomo wa kuchekesha watu wenye huzuni, na miguu isiyochoka kurudi ulipokosea. Jina lako lisipotee njiani. Haya, simama. Ule wa jana nao ni wa Papa Asukulu, na nyumba yake unaijua.