Uso wa Plastiki Rafuni

Alipochaguliwa kusoma fizikia ya tiba chuo kikuu, ukoo mzima ulidhani atakuwa daktari. Mjomba wake, seremala aliyemlea tangu mama yake afariki, ndiye pekee aliyeelewa. "Daktari anashika mgonjwa," aliwaambia, "huyu anashika rula. Na rula ikidanganya, kabati lote pogo."

Mwaka wa tatu, binti akiwa mafunzoni hospitalini, seremala yule yule akaletwa pale na uvimbe wa saratani kooni. Binti mwenyewe ndiye aliyelainisha plastiki kwa maji ya moto, akaikandamiza usoni pa mjomba hadi ikashika umbo la pua yake iliyopinda: barakoa ya kuzuia kichwa kisitikisike chini ya mionzi.

Kila asubuhi alipima nguvu ya mashine ya mionzi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Ikipotoka zaidi ya asilimia tatu, inafungwa. Na mashine ilikuwa moja tu.

Asubuhi ya kumi na mbili ya matibabu ya mjomba, kipimo kilisoma tano juu. Akapima upya joto la maji ya tangi la kupimia. Tano. Akabadili waya. Tano.

Mjomba alikuwa wa kwanza kwenye foleni, sauti imebaki mkwaruzo. "Mbona umenuna, mwanafizikia? Washa jiko lako, nimeshazoea kuchomwa."

"Subiri kidogo, mjomba."

"Nisubiri nini? Zimebaki dozi ishirini na nne. Nazihesabu kama misumari."

Ndani, mwalimu wake, ambaye wanafunzi walimwita Desimali, alishika kalamu. "Ngapi leo?"

Hakuna mwingine aliyepima. Angesema mbili, ingetosha.

"Tano, mwalimu."

Desimali aliinamia daftari. Akaandika. Fundi akatundika kibao chekundu: mashine imefungwa.

Kipuri kilichukua wiki tisa. Uvimbe haukungoja. Wiki ya sita mjomba, asiyeweza tena kusema, aliandika kwa penseli kwenye kipande cha mbao: *Ulipima mara ngapi?*

"Tatu."

Mjomba akaigeuza ile mbao kifudifudi. Juma lile lile wakamzika.

Mashine ilipowashwa, kipimo kilisoma sawa. Fundi akamwomba binti alainishe barakoa za wagonjwa wasiorudi, zilizobaki rafuni, maana plastiki ni adimu na hutumika tena. Zilikuwa saba. Ya mjomba aliiacha mwisho. Ndani ya maji ya moto pua ilinyooka kwanza, kisha mashavu, kisha uso wote ukalala bapa.